Kadi Kubwa Kuliko ya Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema nianze kupanga mambo yangu. Moyo umechoka, mapafu yanaufuata. Binti yangu alilia koridoni akidhani sisikii. Nilisikia, ila nilikuwa na kazi. Nilikuwa napanga. Jambo langu ni moja tu: mdogo wangu asisimame kuzungumza kwenye mazishi yangu.

Familia nzima inamwita Spika, kwa ajili ya sauti. Kazi yake ni kusherehesha harusi na kuzirekodi video. Misiba anaisemea bure, kwa mapenzi. Siku ya kumzika mke wangu alisimama kando ya jeneza akasimulia jinsi suruali yangu ilivyopasuka kwenye harusi yetu, na nilivyokaa nimeegemea ukuta mpaka mgeni wa mwisho akaondoka. Waombolezaji walicheka wakashikana mabega. Wachimba kaburi nao walicheka. Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule. Walimu wakuu walikuwa wakisikia gari langu wanajificha chooni. Na bado nitazikwa kama mtu wa suruali.

Nimepata njia. Nitajirekodi mwenyewe, nitaihariri filamu mwenyewe, ionyeshwe siku hiyo kwenye skrini kubwa. Marehemu akishazungumza, nani atathubutu kuongeza neno?

Jumanne, 4 Machi

Kompyuta ipo. Ni ya binti yangu. Yeye ni mshonaji, anashonea chumba cha pili, na ndani ya kompyuta anahifadhi picha za mishono. Nimejirekodi kwa simu, nimeiingiza video. Picha inakwenda hatua moja, inasimama, inafikiri. Mdomo wangu unafunguka, sauti inafika baadaye kama mgeni aliyepotea njia.

Nikampigia Fundi wa kompyuta. Akasema mashine haina kadi ya picha ya maana, yaani kile kifaa cha kubeba mzigo wa video, kwa hiyo kompyuta inajikongoja peke yake na kazi isiyoiweza. Hali hiyo naielewa.

Akaja na kadi tatu, akazipanga kitandani juu ya miguu yangu. Ndogo, ya kati, kubwa. Anaongea kama mtu anayekimbizwa. Memori hivi, feni vile, Mzee wangu chukua ya kati, kwa filamu ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti inatosha na chenji inabaki. Nikamuuliza Spika anatumia ipi. Akasema hiyohiyo ya kati, alimfungia kwa mikono yake. Mjadala ukaisha hapo.

Nakiri, hata hivyo, kwamba nilizikagua kwanza. Nilizipa alama kama nilivyozipa shule: usafi, nidhamu, mwonekano wa jumla. Kubwa iliongoza kwa uzito. Shule yenye geti zito haijawahi kuniangusha. Fundi akasema kadi haichaguliwi kwa kilo. Nikamwomba anikumbushe nani kati yetu ana shahada. Tukabadilishana: televisheni yangu ikaondoka, kadi ikabaki.

Binti akauliza hicho ni nini. Nikasema ni kifaa cha mapafu, daktari kaagiza. Akakifuta vumbi kwa heshima. Nilijisikia vibaya mpaka chai ilipokuja.

Alhamisi, 6 Machi

Kadi haiingii. Ni ndefu kuliko kasha la kompyuta. Fundi amekata vyuma vya ndani kwa koleo, akasukuma, akaguna, ikakaa. Ila ubavu wa kasha haufungi tena. Halafu ikabainika kadi inakula umeme kuliko uwezo wa pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme mle ndani. Lazima kubwa zaidi. Redio yangu nayo imeondoka.

Kompyuta imelala karibu na kitanda changu, kando ya mashine yangu ya oksijeni, ubavu wazi, nyaya nje. Binti alipoingia hakujua amwangalie nani kwanza.

Spika akapiga simu. Fundi ameshamwambia kila kitu, mdomo wake hauna mlango. Akaniuliza, Kaka, nasikia umenunua kadi ya wacheza gemu, unahariri filamu au unarusha roketi? Akacheka peke yake. Kisha akasema niende kwake, kiti kipo, kadi ipo, atanishika mkono ngazini, tutahariri pamoja chochote ninachotaka. Nikamwambia simu inakatakata. Ilikuwa inasikika vizuri kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu. Asubuhi nilibonyeza kitufe cha kuitoa filamu iliyokamilika. Feni zote tatu za kadi zikavuma, taa zake zikawaka nyekundu na zambarau, moyo wangu ukajaa fahari. Swichi kuu ya nyumba ikajizima.

Mashine yangu ya oksijeni ikanyamaza. Cherehani ya umeme ya binti nayo ikanyamaza, katikati ya mkono wa gauni la bibi harusi. Alikuja mbio akiwa na sindano mdomoni. Anasema midomo yangu ilikuwa rangi ya wino. Aliiwasha swichi, akanishika kichwa mpaka pumzi ikarudi.

Fundi, kwa simu, amesema nyaya za nyumba haziwezi kubeba vitu vyote vitatu kwa pamoja. Binti akaanza kulikagua boksi la kadi. Lina picha ya zimwi limeshika upanga. Akaniuliza ni daktari yupi hasa aliyeagiza.

Nikasema ukweli, au sehemu yake: nataka kuacha filamu. Nilitegemea kugombezwa. Akasema tu, Baba, ungeniambia mapema ningeshona kwa mkono. Akarudi chumbani kwake. Ningependelea nigombezwe. Kabla ya kufunga mlango akaongeza kwamba oksijeni haizimwi, hilo halina mjadala.

Jumapili, 9 Machi

Binti alitoka kupeleka gauni. Cherehani ilikuwa imezimwa, lakini sikutaka kubahatisha umeme, nikaichomoa oksijeni.

Nakiri. Nilijiambia ni kwa muda mfupi tu. Niliegemea mito, nikahema kama aliyepanda ghorofa, nikatazama mstari wa kijani ukijaa polepole kwenye skrini. Ulipojaa nilichomeka tena mashine, baada ya kuikosa soketi mara kadhaa. Lakini filamu ilitoka. Safi. Unaona kila unywele wa puani.

Nikaitazama yote. Sijawahi kuona kitu kibaya hivi.

Naanza vizuri: ndugu waombolezaji. Nakohoa kwa heshima. Kisha natamka maneno mdogo wangu, na kuanzia hapo sitoki kwake. Nilikusudia kueleza utoto wangu, nikaeleza wake. Nikagusia masomo, nikaishia kwenye viatu vyangu alivyovaa bila ruhusa. Ukaguzi wa shule, kazi ya maisha yangu yote, umepata sentensi moja, na ndani yake yupo yeye amekaa kiti cha mbele cha gari la serikali akipiga honi.

Nikaamua kumkata. Sifa kwa kadi, inakata bila kusitasita. Nilikata utoto, nikakata viatu, nikakata honi. Nilipomaliza, filamu ilikuwa hivi: ndugu waombolezaji, kikohozi, asanteni.

Tangazo la sabuni ni refu kuliko hiyo. Kadi ndogo ingetosha. Hata ile kompyuta kama ilivyokuwa ingetosha. Mtu ameishi mpaka mvi zimedondoka, unamwondoa ndugu mmoja, kinabaki kikohozi. Sikula. Nimegeukia ukuta.

Jumatano, 12 Machi

Spika amekuja. Kwanza sikumtambua, maana alibisha hodi kwa sauti ya kawaida.

Alikaa mwisho wa kitanda. Akazungushazungusha kofia mkononi. Akasema, Kaka, nina jambo, usinicheke. Kwamba tangu aliposikia maneno ya daktari amekuwa akijizoeza hotuba ndani ya gari lake, vioo amevipandisha. Akifika kwenye maneno kaka yangu haendelei, anarudi mwanzo. Amesemea misiba ya watu asiowajua hata kwa sura, akaliza ukumbi, akala wali akaenda zake. Hii haiwezi. Akaniomba, kama nina nguvu, nijirekodi mimi mwenyewe, ionyeshwe. Yeye atakaa tu mbele alie.

Ndicho nilichokitaka. Nimepewa bila hata kukigombania. Sikuona utamu wowote.

Akaomba kuiona filamu ambayo Fundi kamwambia habari zake. Nikamwonyesha: ndugu waombolezaji, kikohozi, asanteni. Ikaisha. Kadi ikaendelea kuvuma. Akasema, imetulia, Kaka, haina maneno mengi. Akajifuta uso kwa kofia. Akaushika mguu wangu juu ya blanketi. Niliuacha hapo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeng'amua. Nimechezewa.

Mtu mwenye mwili ule akilia mstari wa mbele, nani atatazama skrini? Watu watarudi makwao wakisema yule bwana alimpenda kaka yake. Msiba wangu, sifa zake. Hata akinyamaza anasikika.

Nikavirudisha vipande vyote nilivyovikata. Vilikuwa bado vimehifadhiwa. Nikavipanga upya kwa utaratibu. Jinsi nilivyombeba mgongoni kwenda shule msimu wa mvua. Jinsi alivyomwambia baba kwamba ni yeye aliyevunja taa, kumbe ni mimi. Jinsi mke wangu alipolazwa, alivyolala kwenye benchi la koridoni wiki nzima, akiwachekesha wauguzi ili wasituchoke. Ni filamu ndefu, nzuri, haina pengo. Ni hotuba kamili ya msiba. Wa kwake.

Kwa hiyo kilichobaki ni kitu kimoja: atangulie yeye.

Nimeshaanza. Uji nimeumaliza wote. Dawa nimekunywa bila kubembelezwa. Nimemwambia binti asiizime oksijeni hata nikimwomba kwa machozi. Nimemwagiza Fundi kadi nyingine, maana filamu ya urefu huu inataka kubwa zaidi, na kitanda cha wageni hakina kazi, achukue. Binti aliniuliza mpango wenyewe ni upi. Nikamweleza wote, wazi, hatua kwa hatua. Akanikumbatia. Nadhani hakuelewa.

Mchana Spika amekuja na roli la waya begani na mashine ya kutoboa ukuta. Anasema anavuta laini ya umeme ya peke yake mpaka chumbani kwangu, ili nihariri na kupumua kwa wakati mmoja. Alipanda ngazi bila kushikiliwa, akatoboa ukuta huku anaimba, akashuka, akapanda tena. Nilimsikiliza kwa makini sana. Hakuhema. Hakukohoa. Hakusimama hata kujinyoosha mgongo.

Kwa umri ule, afya ile ni uchoyo mtupu.