Tangi la Kusimama na Mama Mkwe

Leo aibu imenipata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Naandika haraka kabla mke wangu hajawasimulia yeye, maana yeye huongeza chumvi.

Mnajua mke wangu, Mama Nafula, ana samaki wa rangi. Aliachiwa na mama mmoja tajiri wa Lavington aliyekuwa amemwajiri, siku huyo mama anahama. Wamekaa kwa beseni ya kufulia tangu hapo, na nguo zangu zinafuliwa kwa ndoo. (Kati yangu na samaki, mnajua nani anapendwa.) Nikasema nitawatafutia nyumba ya kioo. Akaniagiza vizuri: "Baba Nafula, chukua tangi la kulala, refu kama benchi. Samaki anaenda mbele na nyuma, hapandi ngazi."

Mimi shule niliionea dirishani, lakini nimejenga nyumba za watu huku Mutuini mpaka mgongo ukapinda. Nitafundishwa vipimo? Sebule yetu ni ndogo. Nilipofika kwa fundi wa vioo kule Ngara, nikamwambia anitengenezee jembamba la kusimama kama nguzo, kama lile niliona kwa hoteli moja mjini siku nilienda kuomba kazi ya plasta nikafukuzwa na askari, lakini hiyo ni hadithi ingine. Fundi akaniuliza kama mkono wangu utafika chini wakati wa kusafisha. Nikamwonyesha mkono. (Nilikuwa nimevaa koti. Koti humwongeza mtu.)

Tangi limeletwa leo asubuhi, na leo ndiyo siku mama mkwe anakuja kula kwetu. Ametoka Bungoma kutibiwa macho, amefikia kwa mtoto wake Kawangware, kwa sababu kwetu mama mkwe halali nyumba ya mume wa binti yake. Hata mkono hatupeani. Akikaa huku, mimi nakaa kule. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniona hata kifungo cha shati kikiwa wazi.

Mama Nafula akaenda soko ya Dagoretti kutafuta nyama. Mimi nikaweka tangi juu ya kimeza, nikajaza maji, nikatia samaki. Wakashuka, wakapanda, wakagonga kioo, wakaniangalia. Jiwe la mapambo lilikuwa limelala vibaya huko chini. Nikavua shati, nikaingiza mkono. Haufiki. Nikafungua mshipi, maana chuma chake kilikuwa kinakwaruza kioo. Nikapanda stuli, nikainama mpaka kidevu kikaingia majini.

Hapo nikasikia mlio wa mbao.

Mguu wa kimeza umepinda. Tangi linanijia! Niliruka chini nikalikumbatia kama ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo. Likatulia, lakini limeegemea kifua changu lote, na maji yanaruka juu yananilowesha. Nikiliachilia, samaki wa Mama Nafula wamekwisha, na mimi pia nimekwisha. Na suruali, bila mshipi, imeanza safari. Nikabana magoti. Nikaomba Mungu amharakishe muuza nyama.

"Hodi."

Haikuwa sauti ya mke wangu.

"Mama," nikasema, "usiingie."

"Baba Nafula, wamenitia dawa ya macho, sioni vizuri. Bodaboda ameniacha hapa kwa mlango na jua linaniumiza. Nitasimama wapi?"

Ungesema nini hapo? Nikamwambia apite, akae upande wa dirisha, asisogee huku, niko na kazi kidogo. Akapita akipapasa ukuta, akakaa ng'ambo ya tangi. Mimi huku, yeye kule, maji katikati. Nikasema moyoni, mila imeheshimiwa.

Akaniuliza habari za watoto. Nikajibu. Habari za mvua. Nikajibu. Suruali ikapita paja. Akaniuliza mbona napumua kama nimebeba gunia. Nikasema ni kifua. Akaanza kuniombea, sala ndefu ya kwao, na kwenye sala mtu hawezi kubana magoti vizuri. Suruali ikafika chini kabla ya amina.

Alipofungua macho akainamia kioo. Akaangalia muda mrefu. (Maji hukuza kitu, na kaptura yangu ya ndani ni ya kijivu, imeshonwa viraka na huyo huyo binti yake.)

"Mkwe wangu," akasema, "hawa wadogo wekundu nawaona. Lakini huyo mkubwa wa kijivu, mwenye madoa, ni samaki gani?"

Akasogeza uso karibu zaidi.

"Mbona hachezi? Ni mgonjwa?"

"Ni mwoga, mama," nikasema. "Hajazoea wageni."

Mama Nafula akaingia na nyama. Akaniona. Akamwona mama yake. Akaweka nyama chini polepole, akaja nyuma yangu, akanivuta suruali juu na kunifunga mshipi kwanza, ndipo akachukua jagi tukapunguza maji. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko.

Samaki wote wako hai, wamerudi kwa beseni.

Shida ni kwamba mama mkwe ameshapiga simu Bungoma kuwaambia kuhusu yule mkubwa, na kliniki wamemwambia ifikapo Ijumaa atakuwa anaona vizuri, naye amesema siku hiyo atarudi kwetu kumwangalia. Kwa hivyo msinicheke, ndugu zangu. Nisaidieni tu: nani anajua mahali wanauza samaki wa kijivu mwenye viraka?