Maziwa ya Kipkamande

Kuna watu wanaokwenda kwenye mashamba ya mizabibu kunywa divai, na kuna wanaokwenda kuendesha baiskeli katikati ya mizabibu ili wakishatoka jasho wajione wana haki ya kunywa divai. Festus Kamande hakuwa wa kundi lolote. Jumamosi ile alikuwa amefika vilima vya Loudoun, upande wa Virginia, ndani ya gari la mpishi mmoja wa Silver Spring, kushusha masinia ya sambusa za harusi. Gari lake mwenyewe lilikuwa limekata roho barabarani, na kazi yake ya kubeba abiria ikafa nalo. Asipopata gari lingine, ilimbidi arudi kwenye nyumba ya wazee kule Laurel, kugeuza watu vitandani tangu alfajiri. Kazi hiyo alikuwa ameiacha kwa mbwembwe, tena kanisani, mbele ya maikrofoni, akimshukuru Mungu kwa kumtoa utumwani.

Alikuwa amesimama na sinia begani breki za baiskeli zilipolia. Kutoka msituni walitokea wanaume wawili waliobanwa na nguo kama soseji, tope hadi masikioni. Wa mbele alimsikia Festus akimjibu mpishi kwa Kiswahili, akavua helmeti kwa heshima.

"Shikamoo, ndugu! Je, wewe ni raia wa Kenya?"

Huyu alikuwa Akinyele, mwanasheria wa Arlington, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani kila Alhamisi kwa miaka mingi. Sarufi yake ilikuwa safi kuliko ya wengi waliozaliwa na lugha hiyo, ila vitabu vyake havikuwa na sura inayohusu waongo.

"Mkenya kamili," alisema Festus.

"Kutoka sehemu gani?"

Festus alizaliwa Limuru, kwenye majani chai. Lakini jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye baiskeli ya yule bwana. Ilikuwa ya kaboni, ya kupandia milima, na aliwahi kubeba abiria aliyejisifia ya aina hiyo safari nzima, kwa hiyo alijua kwamba ukiiuza, unapata Corolla ya mkono wa pili inayowaka bila kusukumwa.

"Iten," alisema. "Kule kwa wakimbiaji."

Akinyele alishika kifua. "Na jina lako?"

Kamande si jina la Iten, na hilo angelijua hata mtoto wa chekechea wa Kenya.

"Kipkamande," alisema Festus bila kupepesa macho, akiwa amelibandika mbele lile "Kip" la majina ya Wakalenjin.

Yule wa pili aliitwa Dayo. Walifanya kazi ofisi moja, walisoma Kiswahili darasa moja, na kila vuli walishiriki mbio za baiskeli za shamba lile: unapita kwenye mizabibu, unaingia msituni, unapanda kilima na kurudi. Wangekueleza kwamba wanashindania ubingwa. Ukweli ni kwamba walishindania nafasi ya mwisho na ya pili kutoka mwisho, na kwa sababu hiyo walichukiana kwa upendo mkubwa.

Festus alimchukua Akinyele pembeni. "Wengi hudhani siri yetu ni mazoezi. Si mazoezi. Ni maziwa."

"Mursik!" alinong'ona Akinyele, maana alikuwa amesoma habari za yale maziwa ya Wakalenjin, yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa.

"Mimi sichukui pesa, ni mwiko. Lakini ukimshinda Dayo, ni desturi mshindi amwachie mwalimu kifaa chake cha zamani."

Akinyele alikuwa ameagiza baiskeli mpya tayari. Akakubali palepale. Kabla sambusa hazijapoa, Festus alikuwa amemchukua Dayo pembeni nyingine na kumwambia yaleyale. Hebu tumpe haki yake: ulikuwa mpango safi. Wale wawili lazima mmoja ampite mwenzake, hata kama ni kwa kujikokota, na yeyote atakayepita, Festus ana gari.

Maziwa yenyewe hayakumsumbua. Ilikuwa vuli, na kila duka lilikuwa na vibuyu vya kupamba mlangoni. Alinunua viwili, akamimina humo maziwa ya mtindi ya dukani, akaponda makaa yaliyobaki kwenye jiko la nyama choma la jirani, akakoroga. Yalitoka rangi ya sementi.

Siku ya kuonja, mwenye shamba, Wayne, aliwapa meza chini ya mti pamoja na glasi za divai. Akinyele alimimina maziwa kwenye glasi, akaizungusha, akaingiza pua yote.

"Ninahisi moshi," alisema. "Na mti wa mwaloni."

"Na ngozi ya zamani," alisema Dayo, asiyekubali kupitwa. "Na mafuta kidogo."

Mafuta yalikuwapo kweli, kwa kuwa jirani alipenda kuwasha makaa yake kwa petroli. Festus aliitikia kwa kichwa kama profesa.

Hapo ndipo Akinyele alipopiga makofi. "Mwalimu, nimekuletea zawadi. Huyu ni dada Jelagat, anayemtunza mama yangu. Naye pia ametoka Iten!"

Mwanamke mwenye sweta ya kijani alisogea, akatabasamu. "Chamgei!"

"Chamgei," alijibu Festus. Ndilo neno pekee la Kikalenjin alilokuwa nalo, na sasa lilikuwa limekwisha.

Jelagat alichukua glasi, akanywa, akafumba macho. "Kama ya nyanya yangu," alisema. Kisha akamshika Festus mkono kidada na kumpeleka nyuma ya mapipa.

"Kipkamande?"

"Ndiyo hiyo."

"Buda, hilo jina ulishona wewe mwenyewe ama kuna fundi?"

"Sister, please, usinichome kwa hawa."

"Nisikuchome, na wewe unakunywesha watu makaa ya nyama choma?"

Festus hakuwa na pa kukimbilia, akamwaga yote: gari, Corolla, nyumba ya wazee, maikrofoni ya kanisani. "Monday ya baada ya race naexpectiwa kazini," alisema, safari hii bila uongo. "Saa kumi na moja asubuhi. Hii baiskeli isipotoka, narudi kule."

Jelagat alimsikiliza kwa huruma kama muuguzi anayetafuta mshipa. "Pole sana. Basi nusu yangu."

"Robo."

"Akinyele!" aliita Jelagat. "Hebu kuja kidogo—"

"Nusu! Chukua nusu!"

Kuanzia siku hiyo mambo yalikwenda kama siagi. Jelagat alithibitisha kila uongo, akaongeza wa kwake, hata Festus akaanza kuiona Iten usingizini.

Siku ya mbio, mabwana wale wawili walifika na baiskeli mpya zinazong'aa. Walipiga glasi zao za mwisho, wakaondoka. Kwenye mizabibu walikuwa bega kwa bega. Msituni maziwa yakaamka. Dayo, kwa tamaa yake, alikuwa amekunywa glasi mbili, kwa hiyo alitumia muda mrefu zaidi nyuma ya miti. Akinyele alivuka mstari akiwa wa pili kutoka mwisho, amepauka, analia kwa furaha.

"Nimemshinda! Mwalimu, nimemshinda!"

"Nilijua," alisema Festus, akimpangusa tope. "Sasa, ile baiskeli ya zamani. Nije niichukue leo?"

Akinyele alishangaa. "Lakini umekwisha kuipokea. Dada Jelagat aliichukua Jumapili iliyopita kwa niaba yako, kulingana na desturi."

"Desturi gani?"

"Desturi yenu. Kwamba mwanariadha hukabidhi kifaa cha zamani kabla ya mashindano, ili roho yake isigeuke nyuma."

"Hata mimi nilikabidhi changu," alisema Dayo, akitokea vichakani.

Festus aliangalia huku na huku. Sweta ya kijani haikuonekana.

"Je, dada alikosea?" aliuliza Akinyele, na kwa mara ya kwanza jicho lake likawa jicho la mwanasheria. "Desturi hiyo haipo?"

Ilimuuma Festus, ilimuuma hadi kwenye meno. Akiikana desturi moja, zote zitaulizwa, na kibuyu nacho kitaulizwa.

"Ipo," alisema. "Ni ya kale sana."

Walimshangilia. Wayne akaleta baiskeli ya shamba na kutangaza kwamba bingwa wa Iten angewaongoza wote kupanda kilima mara ya mwisho, kama heshima. Festus, ambaye huishiwa pumzi akisimama kwenye ngazi zinazojiendesha za treni, alikanyaga pedali hadi mwisho wa mizabibu. Kilima kilipoanza, miguu ilikataa. Alishuka, akaanza kusukuma.

Nyuma yake Akinyele aliinua mkono. "Tazameni! Anashuka!"

Msafara mzima ulishuka. Watu thelathini wa nguo za kubana, na baiskeli zenye thamani kuliko nyumba za Limuru, walisukuma kimyakimya hadi juu, wakihema pale alipohema.

Kileleni simu yake ikaita. Alikuwa Jelagat.

"Baiskeli zimeuzika poa," alisema. "Asante, bro."

"Wewe ni mwizi! Nitakutafuta mpaka kwenu Iten!"

"Iten? Mimi ni wa Athi River. Iten naionaga kwa TV tu." Nyuma ya sauti yake ilisikika injini mpya, inanguruma vizuri. "Sikia, nimenunua ka-Corolla. Na si Monday unaanza job pale Laurel? Bus ya saa hizo ni mateso. Nitakupitia, na nitakufanyia bei, juu wewe ni mtu wa kwetu."

Watu thelathini walikuwa wamemzunguka, wanasubiri hekima.

"Ni nani, mwalimu?" aliuliza Akinyele.

"Ni dada," alisema Festus. "Anawasalimu."

Kisha aligeuka upande, akaziba simu kwa kiganja. "Kuja saa kumi na nusu," alinong'ona. "Na usichelewe."