Ukuta wa Siku Kumi na Nne

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeingia katika Kamati ya Kuhamisha Jalala. Si kama mwenyekiti. Mwenyekiti ni Sista, muuguzi mstaafu wa zahanati yetu, mwenye daftari kubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wageuke wapigwe sindano. Katibu ni mke wangu. Mimi nimeandikwa "mjumbe mwenye ngazi".

Nilipinga kwa heshima. Nilisema mtu aliyeandika mabango ya mtaa huu kwa miaka kumi na tisa anajua watu wanasoma nini, na kamati isiyokuwa na mtu kama huyo mbele ni gari lisilo na taa. Sista akasema gari letu halina hata magurudumu, taa zisubiri. Watu wakacheka. Mke wangu pia, kalamu mkononi.

Jambo lenyewe halichekeshi. Jalala liko juu kidogo ya zahanati na linafuka moshi mchana kutwa. Akina mama wanapeleka watoto kupimwa uzito wakiwa wamewafunika nyuso. Mvua ikinyesha, uchafu unateremkia kijito ambacho nusu ya mtaa inachota maji. Mama yangu mzazi anakaa huko huko bondeni.

Sista anataka tupite nyumba kwa nyumba tuandike nani anaumwa nini, tangu lini. Kazi ya siafu. Uchaguzi wa diwani ni wiki mbili zijazo, wagombea ni wawili, na nyuso za wote wawili nazichora mimi. Hilo hakuna aliyelifikiria. Sikusema. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Jumatano, 4 Juni

Mkakati umekamilika. Mgombea wa kwanza tunamwita Kokoto, kwa sababu ana malori ya kubeba kokoto. Wa pili ni Mwalimu, aliyekuwa mkuu wa shule. Kokoto ameniagiza niandike "Kazi na Vitendo". Mwalimu ameniagiza "Maendeleo kwa Wote". Maneno ya kuvaa koti. Ukilivua, ndani hamna mtu.

Mimi nitaongeza mstari chini. Mgombea asiyetaka kuahidi, nitamwahidia. Watu wakishafurahi, atakana vipi?

Nilimweleza mke wangu akiwa anakatakata vitunguu. Akauliza kama nitaomba ruhusa. Nikamwambia ruhusa huombwa na wasio na brashi. Akanikumbusha kuwa leo ni zamu yangu ya kupita nyumba kumi za bondeni na daftari. Nikamwambia mtu anayepanga mambo mazito hawezi kugonga milango. Alifuta mikono, akaenda yeye. Macho yake yalikuwa mekundu. Vitunguu, nadhani.

Ijumaa, 6 Juni

Ukuta wa Kokoto umekwisha. Uko ubavuni mwa mashine ya kusaga, unatazama soko. Aliomba nimpunguzie videvu vitatu viwe kimoja. Tukakubaliana viwili.

Chini nikaandika kwa rangi nyekundu: JALALA LITAHAMA. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua ishirini kutazama. Vibaya. Upande wa kulia ulibaki mtupu kama mdomo uliong'oka meno. Fundi wa kweli hawezi kuondoka hivyo. Nikapanda tena, nikaongeza NDANI YA SIKU. Siku ngapi? Kumi ilikuwa fupi. Kumi na nne ikaenda mpaka ukingoni, ikakaa sawasawa.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama akasoma kwa sauti. Akarudia polepole. Kisha akaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa juu ya ngazi. Nikaitazama brashi, nikamwambia, "Si imeandikwa?" Akashukuru, akaenda zake.

Nilitaka kuandika hapa jinsi herufi zilivyopendeza. Lakini ninayemwona ni yule mama.

Jumamosi, 7 Juni

Asubuhi alikuja mpambe wa Kokoto, kijana mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alikuwa amefura. Aliuliza nani kanituma. Akasema nitafuta ule mstari kwa ulimi wangu.

Saa sita Kokoto alipita sokoni. Akapigiwa makofi na vigelegele kuliko siku zote. Alasiri mpambe akarudi na uso mwingine: Mheshimiwa mtarajiwa ananishukuru kwa kuyasoma mawazo yake. Kufikia jioni kipaza sauti cha gari lake kilikuwa kinatangaza siku kumi na nne mtaa mzima.

Nilikwenda kwenye kikao cha kamati kama bwana harusi. Sista hakupiga makofi. Aliuliza idadi ya siku niliipata wapi. Nikasema iliamuliwa na upana wa ukuta. Akatueleza alichokipata kwa bwana afya wa kata: kiwanja kipya cha taka kilishapitishwa tangu mwaka jana, mbali na makazi. Faili liko mezani. Linasubiri barua moja tu ya diwani kuomba malori, na diwani anayemaliza muda wake hakuwahi kuiandika.

"Umerusha jiwe gizani, Fundi," akasema, "na limempata mtu."

Mwaka mzima watu wamekohoa kwa ajili ya barua moja. Nilitaka kusema neno la maana hapo. Nikasema nilijua.

Jumanne, 10 Juni

Juzi Mwalimu alikuja mwenyewe, wivu umemjaa. Alitaka ahadi kama ya mwenzake, ila iwe tamu zaidi. Nikaona mlango umefunguka. Nikimwandikia siku kumi, Kokoto atashuka mpaka saba, Mwalimu mpaka tano, na siku ya kura jalala litakuwa limehama jana yake. Nikamwandikia SIKU KUMI. Kwa kuwa ilikuwa fupi, nikachora na ua pembeni.

Haikwenda hivyo. Kokoto hakushuka hata siku moja. Mpambe wake alisema kama wote wanaahidi jalala, basi jalala si habari tena, na kuanzia leo wanazungumzia uwanja wa mpira. Mwalimu naye akahamia uwanjani. Bombani watu wanataniana: siku kumi, siku kumi na nne, njoo mnada huku.

Mbaya zaidi, mke wangu alirudi na ukurasa nusu. Nyumba kadhaa zilikataa kuandikwa. Wengine walisema jalala linahama, imeandikwa ukutani, sahihi za nini. Wengine walisema wote waongo, sahihi za nini. Aliweka daftari mezani, akavua viatu, akakaa anajikanda miguu. Hakunilaumu. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 12 Juni

Nimechukua daftari bila kuambiwa. Nyumba kumi na sita. Ya mwisho ilikuwa ya mama yangu.

Nilidhani nitajaza kwa haraka, mama ni wangu. Lakini alikaa kwenye kiti, akapanga mikono magotini na kunijibu kama mgeni. Umri. Idadi ya watu ndani. Kikohozi, tangu lini? Tangu mvua za mwaka juzi. Wakati gani? Alfajiri. Huwa anakaa kitandani akisubiri kifua kikubali, ndipo anainuka.

Nikamuuliza mbona hajawahi kuniambia.

"Hukuwahi kuniuliza," akasema. "Huwa unakuja kunisimulia wewe."

Nikaandika. Miaka kumi na tisa naandika kwa mkono huu, na mstari ule ulikwenda upogo.

Kabla sijaondoka nilipata wazo: nimchore akikohoa, uso mkubwa, kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Alisema nikithubutu atanifuata na mwiko. Nimeliweka wazo hilo pembeni kwa sasa.

Jumapili, 15 Juni

Kura. Foleni ndefu, jua kali, watu watulivu. Nilimpa kura yangu yule ambaye pua yake niliichora vizuri zaidi. Kokoto ameshinda, kidogo tu.

Jumatatu, 16 Juni

Mpambe amekuja mapema. Diwani mpya anataka mtaa usafishwe mabango ya uchaguzi upendeze. Nianze na ukuta wa mashine ya kusaga. Halafu akashusha sauti: Mheshimiwa amenifikiria kwa nafasi ya Mshauri wa Mazingira. Akatoa beji. Jina langu lilikuwa limekosewa, lakini lilikuwa limechapwa.

Nilitafakari kwa kina, karibu dakika nzima. Nje ya ofisi mimi ni mjumbe mwenye ngazi. Ndani ya ofisi nitanong'ona sikioni mwa diwani. Ukuta ni maneno tu, na cheo ni njia. Nikachanganya chokaa.

Uso ulifutika kwa mkono mmoja wa chokaa. Ule mstari mwekundu ulikataa. Nikipaka, unakauka, namba inachungulia tena. Nilipaka mara tatu. Mke wangu alipita na kikapu kichwani. Alisimama, akautazama ukuta, akaitazama beji. Akaendelea na safari.

Usiku chakula kilikuwepo. Maneno hayakuwepo.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya kwanza ya ushauri. Nimekaa kwenye benchi la korido ya ofisi ya kata tangu saa mbili. Karani hana habari na cheo hicho. Akaniuliza kama nimekuja kwa cheti cha kuzaliwa. Saa saba diwani alipita, akaniona, akafurahi sana. Akaniuliza kama ninaweza kumpakia mlango rangi.

Nimeanza na mlango. Ushauri utafuata.

Jumatatu, 23 Juni

Nilikuwa napaka fremu ya mlango, mkono wa pili wa rangi, niliposikia watoto wanalia. Si mmoja. Kundi.

Sista alikuwa ameleta zahanati ofisini. Mizani ya kupimia watoto ilikuwa imeshatundikwa kwenye boriti ya baraza, na akina mama, arobaini au zaidi, wamepanga foleni mpaka barabarani. Karani alipouliza kulikoni, Sista alimjibu kwa upole kabisa kwamba kule kwao kuna moshi, na serikali inasisitiza watoto wapimwe mahali penye hewa safi. Akaendelea kupima. Kilo saba. Anayefuata.

Mke wangu alibeba daftari: nyumba mia mbili na tatu. Chini ya kwapa alikuwa na picha iliyochapwa kubwa. Akaifungua na kuiegemeza ukutani. Ukuta wa mashine ya kusaga, siku ile ya kwanza, rangi bado mbichi. JALALA LITAHAMA NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

Diwani alitoka. Alisoma. Akauliza nani kaandika vile.

Wote wakanigeukia. Brashi mkononi, beji kifuani. Ningeweza kusema sijui. Nilifungua mdomo kusema sijui. Lakini nikaitazama ile picha, jinsi herufi zilivyokaa, na moyo ukakataa mtu mwingine adhaniwe ndiye.

"Mwandiko ni wangu," nikasema.

Diwani akatabasamu. Akawaambia akina mama kwamba wamesikia wenyewe: hayo ni maneno ya fundi, wamdai fundi.

Yule mama wa siku ile, aliyeniuliza kama ni kweli, akatoka kwenye foleni na mtoto wake mkononi.

"Uliposhangiliwa sokoni," akasema, "hukusema ni maneno ya fundi."

Hakupaza sauti. Diwani alitafuta mpambe wake kwa macho; mpambe alikuwa anasafisha miwani. Sista akamsogezea barua iliyokwisha kuandikwa, akamwonyesha mahali pa sahihi kwa kidole, kama anavyomwonyesha mgonjwa mahali pa kukaa. Diwani akasaini akiwa ameegemea mlango. Rangi ilikuwa mbichi. Koti limeharibika.

Nimevuliwa beji. Mlango haujaisha upande wa chini.

Jumapili, 29 Juni

Siku ya kumi na nne tangu kura. Malori yalianza kubeba Alhamisi. Kazi haijaisha, nusu ya lundo bado ipo, lakini moto umezimwa tangu juzi. Leo nimesimama mbele ya zahanati, nikaona bonde lote mpaka ng'ambo. Sikuwa najua kwamba kule kuna mti mkubwa wenye maua.

Mke wangu anaongea nami. Nilimuuliza picha ile aliipiga kwa nini, wakati ukuta ulikuwa haujafutwa na hakuna aliyejua utafutwa. Akasema aliona herufi zimependeza. Basi. Nilihitaji kwenda kuosha brashi ambazo tayari zilikuwa safi.

Mchana kamati ilikutana. Sista anasema sasa ni zamu ya maji: bomba la zahanati limekauka, na faili lake nalo bila shaka limelala mahali. Tuanze nyumba kwa nyumba kesho. Nimepangiwa ishirini.

Nimewaza sana nikirudi. Wiki hizi zina fundisho, na fundisho ni hili: kila kitu kilitokana na mstari wangu. Kama ukuta mmoja wa mtu mwingine umehamisha jalala, je, ukuta wangu mwenyewe? Miaka mitano mpaka uchaguzi ujao si mingi. Mwalimu ameshanong'onezwa, anasema nina uso wa kuaminika.

Kwa hiyo zile nyumba ishirini atapita mke wangu. Mimi nimefunga mlango wa karakana na kuanza kujichora. Macho yametoka vizuri. Kidevu nimekiacha kimoja. Ahadi nitaitafuta baadaye. Kwanza niamue tai iwe ya rangi gani.