Tumbili wa Kishanda na Daraja Lililokwenda na Maji

Jumatano, 24 Aprili

Leo ndiyo leo. Mama mkwe anarudi kwao Kishanda! Mungu ni mwema, na mimi nimemsaidia kidogo.

Ieleweke kwamba simchukii Ma Immakulata. Alikuja kwetu Ijuganyondo mwezi Novemba kutusalimia kwa wiki mbili. Sasa ni Aprili. Kiti changu cha barazani anakalia yeye. Redio yangu imehamia kwenye rozari, matokeo ya mpira nayaulizia barabarani kama mgeni. Jumapili nilikunywa kahawa nikiwa nimesimama. Nyumbani kwangu! Mimi Audax, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa mtarajiwa.

Kumfukuza mama mkwe hakuwezekani. Mhaya gani atathubutu? Kwa hiyo jana nilimwambia, kwa sura ya msiba, kwamba nimepigiwa simu: tumbili wamevamia kibanja chake, wanakula ndizi mpaka mikungu michanga. Nilisema ni tumbili arobaini. Ukitaja idadi, watu huamini. Alishika kichwa, akafunga mizigo kabla uji haujapoa. Jovitha, mke wangu, alinitazama sana. Nikajifanya natafuta ufunguo wa gari.

Tumeondoka saa mbili asubuhi, mimi na yeye. Mvua tangu Bukoba. Kwenye lami hakuna shida. Tulipoiacha lami, Muleba huku ndani, shida zikatupokea. Daraja halipo! Halikuvunjika, limekwenda zake. Maji rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizima. Nikageuza gari kwa ustadi mkubwa. Hatukumaliza kilomita mbili, kilima kikashuka barabarani mbele yetu, taratibu, kama mtu mnene anayeketi. Migomba yake bado imesimama wima, ila sasa imesimama katikati ya barabara.

Mbele hakuna daraja. Nyuma hakuna barabara. Katikati kuna kanisa dogo la Kilutheri, mwinjilisti anayeitwa Kyaruzi, mimi, na mama mkwe. Analia kwamba saa hizi tumbili wanamalizia shamba. Nikamwambia tumbili hawali wakati wa mvua. Akauliza nimejuaje.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumelala kwenye mabenchi. Tuko watu ishirini na sita. Wengi walikuwa wanakwenda mnadani, na mbuzi wao wako nao. Mbuzi mmoja ana kikohozi.

Na nani alishuka kwenye Landikruza kuukuu, amevaa gamubuti safi? Lwakatare! Jirani yangu wa Ijuganyondo, mstaafu wa idara ya ardhi. Hatujasalimiana miaka miwili. Mparachichi wake unadondoshea matunda uani kwangu, na yeye huja kuyaokota kwa kuyahesabu. Nchi nzima hii, amekosa pengine pa kukwama?

Wanakijiji wamekuja asubuhi na ebitoke, ndizi zetu za kupika, maharage, kuni kavu walizofunika kwa nailoni. Nyumba zao wenyewe zinavuja. Ukuta wa jiko la Kyaruzi umeanguka, lakini godoro lake kampa Ma Immakulata, yeye akalalia majani. Nilimwambia kwamba mimi pia nina mgongo. Akasema atauombea.

Saa nne nikaona nafasi. Watu wengi, hakuna kiongozi! Nikapendekeza tuunde Kamati ya Waliokwama. Nikatoa hotuba juu ya uzoefu wangu katika majanga, yakiwemo mengine niliyoyasoma tu. Makofi. Kisha Ma Immakulata akasimama, akashika khanga yake, akasema anapendekeza mwenyekiti awe Ta Lwakatare, kwa sababu ana gamubuti.

Kura ishirini na nne kwake! Moja yangu. Ya ishirini na sita ya yule mwenye mbuzi wa kikohozi, hakuwa anasikiliza.

Ma Immakulata kapewa mapishi. Mimi nimepewa Usafi na Mashimo. Maana yake choo. Nimechimba mpaka alasiri. Mwenyekiti alipita kukagua, akasema shimo limepinda. Shimo!

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimeamka na mpango.

Vijana wa kijiji wamegundua njia ya miguu juu ya maporomoko. Ukivuka unafika lami, na gari la wagonjwa linaweza kufika hapo. Wametengeneza machela ya miti na blanketi. Wagonjwa kwanza, walisema. Saa moja na nusu nikapatwa na figo.

Niliumwa vizuri sana. Nilijikunja, nikaita Mawe! Mawe! (mama, kwa Kihaya) mpaka mbuzi wakaitikia. Kyaruzi akaniombea, mgongo na figo kwa pamoja. Vijana wanne wakaninyanyua. Raha iliyoje! Nilikuwa natazama mawingu, nikifikiria kiti changu cha barazani, tukiwa hatua mia moja kutoka kanisani, mlima ukanguruma. Jiwe moja tu, si kubwa, likaanza kushuka kuelekea kwetu.

Sikumbuki kushuka kwenye machela. Nakumbuka tu kwamba nilifika kanisani wa kwanza, nikiwa nimewaacha mbali vijana wa miaka ishirini. Jiwe lilisimama lenyewe kwenye mgomba.

Watu wote walikuwa nje, wananitazama. Nikajaribu kushika figo. Nadhani nilishika upande usio wake.

Hapo ndipo Sada alipopiga kelele ndani. Sada ni mama mjamzito, alikuwa anakwenda Bukoba kwa dada yake kusubiri kujifungua. Mtoto hakusubiri Bukoba. Ma Immakulata alimshika tumbo, uso wake ukabadilika. Aliwahi kuwa mkunga miaka mingi, akasema wazi kwamba mtoto amekaa vibaya, kazi hii si ya mikono yake, ni ya hospitali. Kisha akanigeukia.

“Mkwe wangu,” akasema, “ile miguu tumeiona. Shika machela.”

Nikashika. Mbele Lwakatare, nyuma mimi, vijana pembeni. Sitaki kuandika sana juu ya ile njia. Udongo ulikuwa unatembea chini ya nyayo kama kitu chenye uhai. Kulia kwetu bonde, na chini yake maji. Sada hakulia tena, alikuwa ameuma khanga. Kila tulipoteleza alisema kwa sauti ndogo, “Msiniangushe, jamani waitu,” na mimi nikasema hatukuangushi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilikuwa nasema kweli. Lwakatare alikuwa anahesabu hatua kwa sauti: kulia, kushoto, simama. Nilimfuata kama askari. Gamubuti moja ilinaswa kwenye matope, akaiacha, akaendelea na soksi.

Gari lilikuwa linasubiri. Nesi akamchukua. Ma Immakulata, aliyekuja nyuma yetu na fimbo, miaka sabini na moja, alimfunika Sada kwa khanga yake mwenyewe, kisha akageuka kurudi kupika. Alisema maharage yataungua.

Nami nikajikuta nimesimama kwenye lami. Huru! Dereva wa lori akaniuliza kama nakwenda Bukoba, nafasi ipo. Nikampigia Jovitha kumwambia nakuja. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko hapa kando yangu, amesinzia, masikini. Jovitha akasema ajabu, maana mama kampigia dakika mbili zilizopita kwa simu aliyoazima kwa mwinjilisti, kasema yuko njiani anateremka mlimani peke yake.

Nikarudi. Lwakatare alikuwa ameketi kwenye jiwe, anakamua soksi. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jumamosi, 27 Aprili

Habari njema: Sada amejifungua salama kwa upasuaji. Mtoto wa kike. Kanisa zima likaimba. Mwenye mbuzi wa kikohozi alilia waziwazi. Nilitegemea jina lingetokana na mmoja wa waliombeba, hata kwa kubadilisha kidogo: Audaxia, kwa mfano. Kaitwa Mwamvua. Sawa.

Habari mbaya: Wanaume wa ng'ambo wameweka magogo mawili mahali pa daraja. Mtu wa kwanza kuvuka ni Buberwa. Buberwa ni jirani wa Ma Immakulata, kibanja kwa kibanja.

Nilimwona nikiwa shimoni. Nikatoka mbio, nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena, kwa macho yote mawili. Akaniuliza kama nimeingiwa na mchanga. Ma Immakulata akaja na mwiko mkononi, akamuuliza tumbili wamebakisha nini.

Buberwa akasema tumbili gani? Ndizi zimejaa, mikungu inaangusha migomba kwa uzito. Tumbili hajaonekana kule tangu mwaka juzi.

Ma Immakulata akashusha mwiko. Alirudi jikoni. Hiyo ilikuwa saa tatu. Nilingoja mpaka saa saba, na kungoja kule hakutofautiani na figo halisi. Watu wote walipokuwa wamekaa na sahani, akasema, bila kupandisha sauti:

“Mkwe wangu, walikuwa arobaini, au hamsini?”

Walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Kyaruzi mwenyewe, mtumishi wa Mungu, alitoka nje akashike ukuta. Lwakatare akapendekeza, kama mwenyekiti, niongezewe Tumbili kwenye Usafi na Mashimo.

Baadaye nilimfuata alipokuwa anamenya ndizi. Nikapiga goti. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ambayo ndani yake Buberwa ndiye mkosaji. Hakunipa nafasi. Alisema alitaka kurudi Kishanda tangu Desemba. Kitanda chetu kinamuumiza mbavu, na baridi ya barazani imemletea goti. Ni Jovitha aliyemwomba abaki.

Nikauliza kwa nini.

“Nikulinde,” akasema. “Baada ya wale kware, aliogopa utaanza mradi mwingine.”

Kumbe miezi mitano nilikuwa na mlinzi! Anakaa kwenye kiti changu ili aone geti! Sikujua nicheke au nikasirike. Nikachukua kisu, nikamenya naye. Alinitazama kidogo, akasema ninamenya vizuri kuliko ninavyodanganya.

Na wale kware walikuwa mradi mzuri. Ila waliruka.

Jumapili, 28 Aprili

Ibada asubuhi. Baada ya ibada hakuna aliyekwenda kupumzika. Watu walitoka vijiji vitatu na majembe, Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, walevi. Tumekata udongo tangu saa tano. Mikono yangu ina malengelenge ambayo nimemwonyesha kila mtu. Saa kumi jioni gari la kwanza likapita, likishangiliwa kama mkuu wa mkoa.

Lakini Ma Immakulata hakuwa anarudi upande huo. Yeye alitaka Kishanda, kwa magogo. Magogo yale yalikuwa yanateleza, na goti lake halifai. Lazima abebwe mgongoni. Nikajitokeza. Nilikuwa nimeshainama! Wazee wakaguna. Mkwe ambebe mama mkwe wake mgongoni? Aibu ya ukoo mzima. Kyaruzi akakohoa. Ma Immakulata akanipita kwa upole, akapanda mgongoni kwa Lwakatare.

Nilisimama pale nimeshika kikapu chake. Lwakatare alivuka na gamubuti moja na kandambili moja, anahesabu: kulia, kushoto, simama. Nilipiga kelele amshike vizuri, asimtikise, ana mbavu. Sijui nilikuwa napigia kelele nini. Nilivuka nyuma nikampa kikapu. Akasema, “Nisalimie barazani.” Akaenda na Buberwa, polepole, akiangalia migomba ya watu kushoto na kulia, akitoa maoni.

Kuagana na wengine kulichukua saa nzima. Nimepewa namba ishirini na mbili za simu na kuku mmoja. Kyaruzi kasema choo changu watakiweka cha kudumu. Nimefurahi kupita kiasi. Sikumwonyesha.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimefika Ijuganyondo. Jovitha alinisikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akacheka akiwa chumbani, kwa heshima.

Nilikaa kwenye kiti changu. Changu! Nikaweka redio kwenye mpira. Mtangazaji anapiga makelele tu, hana hata kituo cha kuvuta pumzi. Nikazima. Barazani kimya. Hakuna aliyeniambia kahawa yangu imewiva kupita kiasi. Nikaibadilisha redio, nikasikiliza rozari mpaka mwisho, mimi Mlutheri.

Lwakatare alipita kwenye ua, tukasalimiana. Akaniambia anakwenda Kishanda wiki ijayo kumwona Ma Immakulata, amemwahidi mche wa parachichi. Wiki ijayo! Yeye! Amembeba mara moja tu tayari anajiona mwana wa nyumbani.

Jumanne, 30 Aprili

Sijalala vizuri. Jovitha anasema jambo ni rahisi: mpigie mama, mwambie tumekuzoea, uje tena mvua ikiisha, kitanda tutabadilisha.

Mwanamume hawezi kusema maneno kama hayo kwenye simu. Mama mkwe atanionaje? Lazima kuwe na sababu.

Nimefikiri tangu asubuhi na nimeipata. Ni safi, haina tumbili, haina Buberwa, hakuna wa kuikagua. Nitampigia kesho, kwa sauti ya msiba, nimwambie Jovitha ameteleza kwenye matope, amevunjika mguu mahali pawili. Atakuwa hapa Ijumaa, kabla Lwakatare hajafungasha huo mche wake.

Jovitha amepita sasa hivi uani, amebeba mkungu mzima wa ndizi kichwani, anaimba, anatembea kama mwanajeshi.

Kesho, kabla ya simu, itabidi nimfundishe kuchechemea.