Siku Niliyotaka Kumpita Yoeli kwa Ubaba

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika mchana kweupe, kanisani kwetu hapa Baraka, mbele ya kwaya ya Mboko iliyokuja kututembelea. Kaeni niwaeleze mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa bamama kisimani. Kule itakuwa imeota mikia.

Mnamjua jirani yangu Yoeli, mvuvi. Mtu mwema. (Hilo ndilo linaloniudhi.) Mtumbwi wake ukionekana tu asubuhi, watoto wake wanamkimbilia mpaka majini, wanamning'inia shingoni kama nyuki kwenye tawi. Mimi Elia, seremala, nikikohoa tu mlangoni, wangu wanatawanyika kama wamemwona askari wa Bulamatari, ile serikali ya Wabelgiji.

Na mimi ndiye ninayejua maandiko! Kwangu tunasali asubuhi, tunasali jioni, na anayesinzia anaanza upya. Kwa Yoeli wanasali kidogo, halafu wanacheka. Nawasikia kupitia uzio wa matete. Wanacheka nini kila siku? Bugali ni ule ule, dagaa wa ndakala ni wale wale!

Basi. Muchungaji wetu alikuwa anatafuta baba mmoja wa kufundisha vijana wanaotaka kuoa. Nilijua ni mimi. Nikavaa suruali yangu nyeupe, ile niliyooa nayo. (Inabana, lakini ukishika pumzi inafunga.) Nikakaa mbele kabisa, benchi moja na Yoeli.

Muchungaji akawaita watoto, akawauliza:

"Nani baba yake anasalishaka batoto ku nyumba?"

Mikono ikapanda. Binti yangu Raheli naye kanyoosha. Nikakohoa kidogo ili watu wajue ni wa nani.

"Na nani iko na baba mwenye anachezaka naye?"

Watoto wa Yoeli, mikono yote juu. Na mkono wa Raheli! Moyo ukaniruka. Nikamtupia Yoeli jicho la pembeni.

"Raheli, mutoto wangu, baba anachezaka na we namna gani?"

"Ananibebaka ku mugongo, anakimbia, analia kama ng'ombe."

Kanisa zima likageuka kunitazama. Mimi? Ng'ombe? Nikatabasamu tu. (Mungu anisamehe.)

Muchungaji akashangaa: "Ni Baba Elia huyu?"

"Hapana. Ni Baba Yoeli."

Kwaya ya Mboko ndiyo iliyoanza kucheka. Wageni! Wimbo wa mwisho sikuuimba. Nilikuwa nautazama mgongo wa Yoeli. Mgongo wa kawaida kabisa! Tena umepinda.

Tulipotoka nje, watu wakawa wanasalimiana uwanjani. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Raheli, twende kwetu." Mtu mwenye akili angekwenda. Mimi wivu ulikuwa umekwisha kunipanda kichwani.

"Raheli! Kuja hapa!"

Akaja amejikunja. "Baba, nimekosa nini?"

Neno hilo lilinichoma. Lakini watu walikuwa wanatazama.

"Haukukosa kitu. Panda ku mugongo."

"Mugongo ya nani?"

"Yangu!"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama yake akaitazama suruali.

"Baba Raheli, ile suruali..."

"We nyamaza, mama. Ni mambo ya baba na mutoto."

Raheli akapanda. Nikainama, nikalia "Mooo!" kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani, nikatimua mbio.

Sikufika popote. Kraaak!

Ndugu zangu, ilipasuka kuanzia mkanda mpaka karibu na goti. (Nguo ya ndani? Ilikuwa kwenye kamba, inakauka. Msiniulize zaidi.) Upepo wa ziwa ukanipata mahali ambapo haujawahi kunipata. Bamama wa kwaya wakapiga kelele, "Yesu wangu!", wakafunika macho kwa mikono, vidole wameviachanisha. Nikaketi papo hapo, katikati ya matope, mtoto bado yuko shingoni.

Na nani alikuja? Yoeli.

"Pole, ndugu yangu," akasema. Hakucheka! Angecheka ningemchukia vizuri. Akavua koti lake la Jumapili, akanifunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wote. Muchungaji akasogea, midomo inamtetemeka.

"Elia, Yoeli ndiye atafundisha bale bavijana. We utakuja kusikiliza. Lakini ukuje na suruali ingine."

Tukaanza njia ya nyumbani. Mama Raheli alitangulia mbele, mbali, kama hatujuani. Raheli alikuwa nyuma yangu, ameshika koti lisifunguke. Nikasikia anahema, anakoroma. Nikadhani analia kwa aibu ya baba yake. Nikageuka. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka miguu haimbebi. Sijawahi kumwona mtoto huyu akicheka mbele yangu. Nami nikashindwa, nikacheka, tukakaa kando ya njia tumeshikana kama walevi.

"Baba," akasema akifuta machozi, "ulilia kama mbuzi. Baba Yoeli ndiye anajuaka ya ng'ombe."

Hata hapo! Hata hapo Yoeli!

"Nitajifunza," nikamwambia.

Kabla ya chakula nikamwambia Raheli asalishe. Siku nyingine hunung'unika maneno mawili, jicho moja kwangu. Leo alifumba macho yote mawili, akasema kwa sauti: "Mungu, asante sana sababu ulipasula suruali ya baba. Amina." Mama Raheli akatoka mbio nje. Mimi nikasema amina. Sikumrudisha aanze upya.

Sasa koti la Yoeli liko hapa, nitalifua nimrudishie. Limenikaa vizuri kuliko nguo zangu zote, na hilo nalo linaniuma. Na ninyi mnaocheka, tafadhali geukieni upande wa ziwa. Nimebakiwa na uso tu wa kuficha. Kwingine kote Mboko wamekwisha kuona.