Usukani Kwapani

Miaka ile ya foleni, sabuni ikikatwa kwa uzi vipande vinne, mimi nilivaa suruali ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa la ofisi ya shamba la mkonge, lina maua makubwa ya njano, na fundi cherehani aliyenishonea hakuwa na huruma. Ua moja alilipanga katikati ya matako. Nikija, watu kimya. Nikiwapa mgongo tu, vicheko. Nilivaa miaka miwili (nilikuwa na hiyo tu).

Ilipokuja ruksa, mabelo ya mitumba yakafunguliwa sokoni Kilosa, nikanunua koti. Koti zito, la baridi ambayo hapa haipo. Mfukoni nikakuta ufunguo wa mlango. Nilimwaza sana yule mwenye koti. Huko Ulaya, ile ya kweli, siyo hii Ulaya yetu, kijiji cha njia ya Mikumi, kuna mtu mpaka leo amesimama nje ya nyumba yake anapapasa mifuko. Mke wangu, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye aliyesema siku hizi kila kitu kimeshatumiwa na mtu mwingine: shati, kiatu, sufuria. Mimi nimeongeza usukani. Huo hakuuona, alishatangulia, na nashukuru hakuuona.

Maana leo nimeumbuka.

Nimeumbuka Mikumi, mchana kweupe, nikiwa na kanzu ya pasi. Naandika haya miguu iko kwenye karai la maji ya chumvi.

Gari langu mnalijua, ninyi mliozoea kuliita birika. Kigari chekundu cha mbio, viti viwili, hakina paa, alichoniachia meneja wa Kigiriki wa mkonge aliporudi kwao, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakiosha. Kiko chini mno. Ukikaa ndani unasalimiana na mbuzi uso kwa uso. Injini nimeitunza miaka yote. Lakini usukani ulikuwa wa mbao, na mchwa wa Kilosa hawaulizi mbao ya nani. Mwezi uliopita ulivunjika, nikabaki na kipande mkononi kama mpini wa jembe.

Na wakati huo nilikuwa na haraka. Kuna Bi Mwajuma, mjane anayepikia madereva wa malori pale Mikumi. Barua yangu ya posa ilishamfikia, na kaka yake, Mzee Salehe, alituma neno kwamba niende Jumapili, yaani leo, nikapate jibu. Miaka mitatu nakula peke yangu. Ugali wa mtu mmoja haujui kuiva, unaungua au unabaki uji. Nililitaka lile jibu. Na nilitaka kulifuata na gari langu, siyo kushuka kwenye basi na vumbi kama mleta mkaa.

Alhamisi nikaenda Mikumi kwa Fundi Saidi, yule anayeuza vipuri vya magari yaliyopinduka barabara kuu. Alikuwa na sukani kumi amezitundika kwenye waya kama samaki. Tisa meno yake hayakulingana na chuma changu. Wa kumi ulikuwa mdogo, wa ngozi nyeusi, umeng'aa pale ulipokuwa umeshikwa na mikono ya watu. Akasema ulitoka kwenye gari la mashindano. Nyuma una pete ya chuma. Ukiivuta, usukani wote unakufuata mkononi. Ukiurudisha unasikia ka, umeshika.

"Mzee wangu," akaniambia, "ukifika mahali unauchomoa unaondoka nao. Nani ataiba gari lisilo na usukani?"

Hapo akili ikaniaga.

Leo alfajiri Saidi akaja Kilosa kuufunga. Alipiga tupa, akagonga, akakaza nati, akafungua tena kwa sababu mara ya kwanza gari lilikwenda mbele huku usukani unatazama kando kama mtu aliyenuna. Akamaliza. Waya wa honi haukuwa na pa kwenda, akaukunja akauficha. Nikamuuliza honi je. Akasema, "Mzee, si una mdomo?"

Basi kutoka Kilosa mpaka Mikumi nimepiga honi kwa mdomo. Kuku, mbuzi, wenye baiskeli, wote nimewapigia. "Honi! Honi jamani!" (Sauti imekauka hadi sasa.) Saidi kando yangu amejifunika kofia usoni. Lakini gari lilitii kama mtoto wa shule ya bweni. Na kila niliposimama nilivuta ile pete, ka, nikatembea na usukani kwapani. Pale Ulaya nimesimama nikanunua kiberiti. Sivuti sigara, wala nyumbani sikuishiwa kiberiti.

Mikumi nikamshusha Saidi kwake, nikaenda hadi uani kwa Mzee Salehe. Nikauchomoa usukani. Nikabisha hodi nao kwapani.

Sasa hapa lazima niseme jambo moja ili mnielewe. Mimi Mnyamwezi, wale Wasagara. Ni watani wetu tangu babu zetu walipopita nchi hii na mizigo. Na mtani, akikufanyia lolote, hakasirikiwi. Anaweza kuchukua kofia yako, kuku wako, chakula chako mdomoni. Utacheka, utagomboa, yamekwisha. Mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Sheria hii naijua. Nimeifaidi maisha yangu yote.

Mzee Salehe akanipokea vizuri. Akautazama usukani, akasema, "Shemeji, hicho chombo kiache huko nje, hapa tunazungumza." Amesema shemeji. Mnaona? Nikauweka barazani juu ya makubadhi yangu, nikaingia, nikakaa mkekani. Mambo yakaenda kama maji. Mzee Salehe akasema Bi Mwajuma amekubali, mwenyewe kwa mdomo wake. Imebaki tusome fatiha, tule.

Nimeinua mikono kuomba. Nikasikia huko nje, vuuuuu.

Nikachungulia. Bi Chiku, dada yao mkubwa, mwanamke wa umri wangu, yuko katikati ya ua na usukani wangu. Anaendesha. Ameinama kama mimi, amekaza shingo kama mimi, mkono wa kushoto anabadilisha gia kwa mwiko. Majirani wamejaa kwenye ua wa mabua. "Honi!" analia. "Honi jamani! Mnyamwezi anapita, ana haraka ya kuolewa!" Kumbe walinisikia tangu niko mbali.

Nikacheka. Nasema kweli, mwanzoni nikacheka. Nikatoka, nikamwambia haya mtani, nipe nikugomboe na jogoo. Akasema jogoo hataki. Anataka nichukue ndoo pale ukutani, nikachote maji bombani, nibebe kichwani mbele za watu nije niyamimine kwenye mtungi wa bibi harusi. Ndoo moja. Ndipo anipe.

Mimi? Na kanzu ya pasi? Nikanyoosha mkono niuchukue usukani. Akakata kona. Nikamfuata. Akazunguka banda la kuku, mimi nyuma, kanzu nimeishika juu kama mwanamke anayevuka mto, watu wanashangilia, na yule bibi mbele yangu anapiga honi. Tumezunguka mara tatu (nilihesabu kwa sababu kila mara nilijikwaa kwenye kinu kile kile).

Ndipo nikapayuka. Nikasema mimi si mtoto mwenzao, na nikasema watu wasio na adabu, na nikasema nyumba gani hii. Maneno yalitoka na mate.

Bi Chiku akashusha usukani. Hakuwa anacheka tena. "Maganga," akasema, "tulipomzika baba yetu, nani alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo? Mama yetu alikupa jogoo huku analia. Tulikukasirikia?"

Nilikuwa mimi. Na yule jogoo alikuwa mnono.

"Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani," akasema. "Wewe ndoo inakushinda?"

Mzee Salehe alikuwa mlangoni, mikono ameishusha, fatiha imeishia hewani. Nyuma yake amesimama Bi Mwajuma, kanga mpya. Ni yeye niliyemtazama.

"Mzee Maganga," akaniambia, polepole, kama anayemsihi mtu ale dawa. "Ndoo moja tu."

Nilijua. Jamani, nilijua palepale. Ningeibeba ile ndoo, ikanimwagikia, wakacheka, jioni hii ningekuwa nakula ugali ulioiva. Lakini hasira ikishapanda kwa mtu mzima haina ngazi ya kushukia. Atakayecheka acheke kwake, asinijie hapa.

Nikavaa makubadhi. Nikapita kando ya gari langu bila kuligusa. Usukani sikuuomba. Nyuma yangu hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililouma.

Bomba liko hatua ishirini tu kutoka pale mlangoni. Nililipita nikitoka. Koo lilikuwa limekauka kwa zile honi, basi nikasimama, nikafungua, nikanywa kwa kiganja, wote wananitazama. Nikafunga bomba, nikashika njia ya Kilosa kwa miguu, hadi lori la mkaa liliponiokota. Sikugeuka, na sirudi.