Mfalme Wangu na Marehemu wa Mukalay

Jumatatu, 3 Februari
Tamthilia mbili mpya zimeanza hapa Musonoi. Kwenye tele yangu: mfalme wa zamani. Kwenye tele ya jirani Mukalay: mke aliyekufa, anarudi kugonga ukuta. Maoni yangu ya kwanza? Mfalme ana heshima. Ana historia! Basi tu, amekaa kitini saa nzima akishauriana na wazee. Taji ni la karatasi, gundi nimeiona. Walikuja kwangu kutazama watu kumi na sita. Kufika katikati, watatu, mmoja amelala. Wengine walikuwa kwa Mukalay wakipiga kelele za woga. Roho imeniuma sana.

Jumanne, 4
Hata Louis ameenda kwa Mukalay! Louis, mume wa dada yangu Annie! Ni mchimbaji, na shimoni wenzake wanategemea sikio lake: udongo ukianza kulia, yeye ndiye wa kwanza kutoka. Mtu kama huyo, anatetemeka mbele ya tele! Alinisimulia yule marehemu mpaka chai ikapoa. Nimepata mpango.

Jumatano, 5
Nimetangaza mtaa mzima. Mi najua sheria ya yule marehemu, nikasema. Ukisikia anagonga, kwenye tele au popote, ukikimbia, anakufuata mpaka nyumbani, anaanza na batoto. Ukisimama kimya, anapita. Nimeitunga mwenyewe nikinyoa ndevu! Mama Fidélie, muuza maandazi, akafanya ishara ya msalaba. Louis akaniuliza mara mbili: shemeki Mulumba, ni kweli? Nikamwapia. Jioni, kwa Mukalay, watu wanne. Kwangu, ishirini na mmoja! Mfalme bado amekaa, ila sasa anakohoa.

Ijumaa, 7
Shimo limeanguka asubuhi. Louis amekufa.
Kabemba, aliyekuwa nyuma yake, anasema udongo uligonga mara tatu. Wenzake wote wakakimbia. Louis akasimama, mkono ukutani. Akawaambia waende, yeye ana batoto watatu nyumbani.
Nimekaa nyuma ya choo nikalia. Ni mimi. Mi ndiye niliyemuua. Annie ameniuliza kwa nini hakukimbia, yeye aliyekuwa wa kwanza siku zote. Nikasema sijui.

Jumapili, 9
Kilio kinaendelea kwa Annie. Sijala tangu juzi. Watu karibu mia, turubai, viti vya kanisa, vyote vimegeukia upande mmoja. Mukalay amekuja kutoa pole. Anasema amezima tele yake kwa heshima ya Louis, wiki nzima.
Wiki nzima!
Na jioni hii, kwenye tamthilia yangu, mfalme anazikwa. Inafaa kilio kabisa. Nikamwendea Annie taratibu, nikamuuliza kama naweza kuleta tele. Akajifunika kitenge usoni. Hakusema hapana.
Nimeenda kuazima waya mrefu wa umeme, ufike mpaka kwenye turubai.